Nyumba ya Waswezi

Tuelewane mapema, tusije tukasumbuana mbele: kilichofanyika ndani ya nyumba ile sitakieleza. Sikijui. Na hata ningekijua ningekaa nacho kimya, kwa hiyo aliyekuja kwa ajili hiyo ajiondokee sasa hivi, asije akasema nimempotezea muda. Ninachokijua mimi ni cha Modest na mama yake, na chenyewe kinanitosha.

Modest alizaliwa Kasungwa, kijiji kilichokuwa upande wa machweo wa Bukene, kwenye ile njia ya zamani waliyopita wapagazi na pembe zao kuelekea Tabora na pwani. Mapadri walimchukua angali mdogo, wakamsomesha seminari, kisha wakampeleka Roma akawe padri. Upadri ukamshinda. Hakuiba wala hakufumaniwa. Ulimshinda tu, kama chakula kizuri kinavyomshinda mtu asiye na njaa. Akabaki hukohuko akisomea mambo ya kale, na aliporudi serikali ikampa kazi ya kuchimbua vitu vya mababu. Mwaka wa Operesheni Vijiji, sabini na nne, watu walipokuwa wanatolewa mashambani mwao na kukusanywa pamoja, akatumwa kwao Kasungwa aangalie upesi kama kuna cha maana ardhini kabla kijiji kipya hakijajengwa.

Kilikuwapo. Kando ya njia ya wapagazi palikuwa na kilima cha udongo ambacho watoto walikatazwa kukipanda bila kuambiwa sababu. Modest akatafuta vibarua, na msimamizi wao akawa Lukumani, fundi mwashi wa Gongoni pale Tabora mjini, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Walipofukua wakakuta nyumba ndefu, nyembamba, imechimbiwa chini kidogo, sakafu yake ngumu na nyeusi kwa kupigwa. Kushoto na kulia, ukutani, palikuwa na majukwaa mawili ya udongo ya kimo cha goti, yametoka mlangoni yakaenda mpaka mwisho wa nyumba. Na huko mwisho, fuvu la nyati, pembe zake zimeelekezwa mlangoni.

Fuvu lilipotokeza chini ya brashi yake, Modest akakaa chini. 

"Vipi bwana, jua limekupiga?" Lukumani akamuuliza.

"Si jua. Nyumba kama hii nimeshawahi kuichimba."

"Wapi tena?"

"Roma."

Lukumani akamtazama, akaona hatanii, akamletea maji.

Na kweli hakuwa anatania. Huko Roma, chini ya duka la mvinyo, Modest alikaa miaka akichimba na maprofesa hekalu la mungu wa kale aliyeitwa Mitra. Lilikuwa hekalu la watu wa siri. Askari waliozitembea barabara za Warumi waliingizwa humo kwa viapo, wakakaa juu ya majukwaa mawili kushoto na kulia, wakala pamoja, na mbele yao ukutani amechongwa mungu wao akimchoma fahali kisu. Majukwaa waliyakuta. Vikombe walivikuta, hata mifupa ya kuku walioliwa. Maneno ndiyo hawakuyakuta. Profesa wake, mzee mpole aliyekuwa na kikohozi, alimwambia siku moja: tunajua walikaa wapi na walikula nini, lakini walichoambiana hatutakijua, maana wa mwisho wao alikufa na mdomo wake. Modest alilisikia neno hilo likamwingia mifupani. Aliyekuwa ameacha altare alikuwa bado anatafuta kitu cha kukiamini, na hapo alikiona kimeshuka kaburini na mtu asiye na jina.

Sasa hapa Kasungwa alijua anatazama nini. Ilikuwa nyumba ya Waswezi. Wasiowajua niwaambie tu kwamba Waswezi walikuwa chama cha siri cha Unyamwezi, watu wa mizimu na uganga, wenye majina yao, usemi wao na viapo vyao. Wapagazi wengi, wazee husema, waliingizwa kabla ya kutwishwa mizigo. Jina la Lyangombe halikuwatoka midomoni, mwindaji wa zamani ambaye hadithi inasema aliuawa na nyati. Kule mungu amuua fahali, huku nyati amuua mwindaji; Modest alicheka peke yake kwa kuwaza hivyo, kisha kicheko kikaisha. Kwa sababu kule Roma wote walikuwa wamekufa. Hapa mmoja wao alikuwa hai, anaamka asubuhi, anakwenda misa ya Jumapili na rozari yake mkononi, na jina lake ni Apolinaria, na ni mama yake mzazi.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Mtoto hujua. Utotoni alikuwa akiona wanawake wanakuja, mama anaondoka nao, anarudi sauti imemkauka, na baba anampokea kwa adabu ambayo siku nyingine hakuwa nayo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtoto hakai mbali na mtungi.

Katibu tarafa alikuja na Landrova yake kuitazama nyumba. Aliitwa Silasi, mtu wa Kanisa la Moravian, kaunda suti yake imepigwa pasi hata katikati ya vumbi la operesheni. Barabara ya kijiji kipya ilikuwa imeshapigwa kamba, na kamba ilipita juu ya nyumba pale pale katikati. Silasi akasimama ukingoni mwa shimo muda mrefu kuliko alivyohitaji kusimama.

"Ndugu Modest," akasema, "kila mtu hapa anajua ni ya nani, ingawa hakuna atakayelitamka jina. Mimi nikienda wilayani nikasema nimepindisha barabara kwa ajili ya Waswezi, wataniuliza kama nimelogwa. Nipe maana. Jumamosi usimame mbele ya kamati na wananchi, utueleze watu hawa walikuwa wanafanya nini humu, na kwa nini taifa lijali. Ukieleza, napindisha barabara. Nakuahidi."

"Na nisipoeleza?"

"Katapila linatoka Nzega Jumamosi hiyohiyo."

Siku ile mama yake akaja kumletea chakula, matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga ndani ya kikapu. Apolinaria alikuwa amechoka siku nyingi. Daktari wa misheni alikuwa amemwambia Modest kando kwamba moyo wa mama umekwisha na asitegemee masika mengine. Akaja polepole. Mbali kabisa na shimo akavua ndala zake, akazishika mkononi, akaizunguka nyumba kwa nje mpaka alipokuwa mwanawe. Lukumani alikuwa ameketi juu ya jukwaa la kushoto, anakula zake. Mama akageuza uso, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mkwewe anaoga.

Modest akaona. Kwenye daftari lake alikuwa ameshaandika kwamba majukwaa yale ni ya kukalia, kwa sababu ya Roma yalikuwa ya kukalia. Akalikata neno. Kisha akamwomba Lukumani, kwa upole, akalie ndoo.

Jioni, jua likiwa bado halijatua, akamkuta mama uani anabambua karanga za mbegu. Akaketi kwenye kigoda.

"Mama, ile nyumba unaijua."

"Naijua. Ni ya zamani."

"Unaijua kwa ndani."

Karanga zikaendelea kudondoka ndani ya ungo.

"Mama, niambie kidogo tu. Yale majukwaa ni ya nini?"

"Umekula matobolwa yako, au umempa yote yule mtu wa Gongoni?"

Hapo hasira zikampanda. Mtu mzima, amesoma, amevuka bahari, anajibiwa kama mtoto anayeulizia sukari. Akamwambia lile ambalo hakupaswa kumwambia. "Jumamosi wanaibomoa. Ukinyamaza, ni wewe unayeibomoa."

Mama akaweka ungo chini. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika.

"Niliapa, baba," akasema. "Kabla wewe hujazaliwa. Ukiniambia nivunje kiapo, uniambie pia nitakuwa nani nikishakivunja."

"Ukisema nje, kunatokea nini?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kusema."

Modest akashika tama. Kisha, kwa kuwa hakuwa na silaha nyingine, akamsimulia. Akamweleza lile hekalu chini ya duka la mvinyo, askari na viapo vyao, mungu na fahali, na jinsi wazungu wenye elimu yao yote wanavyopiga magoti udongoni na brashi ndogo wakitafuta neno lililokwisha kuzikwa. Akamweleza habari ya yule wa mwisho. Apolinaria alisikiliza kwa makini, mikono imetulia mapajani, na alipokwisha kusikia akauliza swali ambalo hakuna profesa aliyewahi kuliuliza.

"Huyo wa mwisho, hakuwa na mtoto?"

"Sijui, mama."

"Masikini," akasema, na akasimama akaingia ndani. Hakutoka tena jioni ile.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Mama akamwita asubuhi kabla hajaenda kazini, akamwambia akae.

"Veneranda wa Bukene alikufa masika yaliyopita," akasema. "Ulimjua, yule aliyekuwa anakuletea miwa. Sasa nimebaki peke yangu. Sikiliza, maana haya ni ya mlangoni, haya naruhusiwa. Wewe unaomba kuambiwa. Kuambiwa hakupo. Hakujawahi kuwapo tangu kale."

"Basi kuna nini?"

"Kuna kuingia. Na haitwi mtu kuingia. Mtu hujiombea mwenyewe, kwa mdomo wake. Hata mtoto uliyemzaa humwiti. Nimekutazama ukikua, ukaenda kwa mapadri, ukaenda Ulaya, ukarudi, sikukuita."

Modest akafungua mdomo. Lakini mama akainua mkono, hajamaliza.

"Aliyeingia hasemi nje. Si maneno ya ndani peke yake: hata ulichokuwa unakijua kabla, hata ulichokichimba kwa mikono yako, kinakuwa cha nyumba. Ukiulizwa, hujui. Ulizwe na mfalme, ulizwe na padri, hujui. Na aliyeianika nyumba barazani hawezi tena kuingizwa. Kwa hiyo usidhani utasema Jumamosi halafu uje kwangu Jumapili. Mimi sitakufungulia, hata kama nitakuwa nakufa."

Ndivyo lilivyokuwa jambo lenyewe, na msiniambie lilikuwa jepesi. Akisema, nyumba inasimama, na mama atakufa na mdomo wake. Akiingia, neno linapata pa kukaa, na nyumba inakwenda na katapila, na yeye mtaalamu wa serikali atasimama mbele ya watu kama mjinga. Vyote viwili havikuwezekana. Alitaka vyote viwili, kama ambavyo mimi na wewe tungetaka.

Alimweleza Lukumani nusu yake, ile nusu ya kamati tu. Lukumani akacheka.

"Bwana, hilo nalo la kukukosesha usingizi? Tunga. Waambie ilikuwa zahanati ya wapagazi, walikuja kuchuliwa migongo. Serikali inapenda zahanati. Funika kombe, mwanaharamu apite."

Wala hakuhitaji kutunga. Alikuwa na hotuba tayari, imepangika kichwani: chama cha msaada cha wasafiri, mfano wa kale wa ujamaa, watu wa makabila mbalimbali wakila sahani moja, kama askari wa Roma. Alhamisi mchana akaijaribu mle shimoni kwa sauti. Vibarua wakaacha majembe, wakasikiliza. Lukumani akapiga makofi, akamwambia Jumamosi watapindisha barabara na reli pia. Ilikuwa hotuba nzuri. Ila alipokuwa anaisema, Modest alisikia humo sauti ya yule profesa mwenye kikohozi. Walikaa hapa. Walikula hiki. Hotuba nzima haikuvuka hapo, na msemaji wake alikuwa amesimama nje ya mlango, sawa na siku zote za maisha yake.

Akaacha kazi, akaenda nyumbani. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, mchana kweupe, mdomo wazi kidogo, pumzi zinakatika na kuunga. Modest alisimama juu yake akaona kifo chake, si cha kesho, lakini kimeshakaribia. Akaogopa. Alijiona amesimama juu ya kaburi la mama yake na brashi mkononi. Akapiga magoti, na mama akafumbua macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona mapema?"

"Naomba kuingia."

Apolinaria akamtazama. "Umeifikiri Jumamosi?"

"Nimeifikiri."

"Watakucheka."

"Najua."

"Kazi yako je?"

"Sijui, mama. Naomba kuingia."

Yule mzee akajiinua kwa kiwiko, akaugusa uso wa mwanawe kwa kiganja kizima, kama anayemtambua mtu gizani. Kisha akamwambia afunge, asile kitu mpaka kesho.

Watu hudhani mambo haya ni ya usiku na kelele. Ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Lukumani alikuwa ameomba ruhusa kwenda kuswali Bukene, na vibarua wote wameitwa na mabalozi wao wa nyumba kumi kugawiwa viwanja vipya. Mama na mwana wakaenda wawili peke yao kwenye lile shimo, jua limesimama utosini. Wakavua viatu mbali. Mama alikuwa amefunga kaniki nyeusi ambayo Modest hakuwahi kuiona, na rozari yake aliiacha nyumbani, ameitundika kwenye msumari. Wakashika njia ya mlangoni, yeye mbele, mwanawe nyuma.

Mimi naishia hapo, kama nilivyosema. Alasiri wakaonekana wanarudi. Modest alikuwa amemshika mama yake mkono, na macho yake yalikuwa mekundu. Njiani walipita karibu na mpaka wa shamba la jirani, Marcelina, naye akawasalimu, wakaitikia vizuri, kila mmoja. Marcelina anasema mama Modest alikuwa anatembea kama msichana. Usiku ule mama alilala moja kwa moja mpaka asubuhi, na haikuwa imetokea tangu mwaka uanze.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko walivyokuja kwenye mkutano wa mbegu. Kamati ilikaa kwenye benchi, wananchi wamesimama, wanawake chini upande mmoja na Apolinaria katikati yao. Katapila lilikuwa limeshafika, la manjano, dereva wake amelala kivulini mwa gurudumu la trela. Silasi akasimama, akasema ya kusema: operesheni, maji, shule, maendeleo. Kisha akageuka.

"Ndugu zangu, tunaye mtoto wetu, amesoma hadi Roma. Yeye atatueleza nyumba hii ilikuwa ya nini. Ndugu Modest, karibu."

Modest akasimama mbele. Lukumani alikuwa pembeni, uso unamng'aa, amekuja kusikia hotuba yake.

"Ndugu katibu," Modest akasema, "mimi sijui."

Silasi akatabasamu kidogo, akidhani ni namna ya kuanza. "Hujui yote, sawa. Tuambie hayo unayoyajua."

"Sijui hata moja."

"Yale majukwaa?"

"Sijui."

"Lile fuvu? Juzi uliwaambia vibarua wako habari za Roma. Wewe ndiye uliyesema zinafanana."

"Nilisema. Sasa sijui, ndugu katibu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wakacheka wengi. Mwenyekiti wa kijiji akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe Ulaya nako wanafundisha kutojua. Lukumani alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, anamwonyesha Modest kwa mikono, sema basi, sema. Na hotuba ilikuwa bado ipo, nzima, inamwasha kooni. Angefungua tu mdomo ingetoka yenyewe, na nyumba ingepona. Silasi akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, nipe neno moja tu. Moja. Nitalibeba mimi mwenyewe mpaka wilayani." Modest alitazama chini kwenye vumbi. Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Akatikisa kichwa.

Kule walikokaa wanawake, Apolinaria alianza kulia. Alilia waziwazi, mabega yanatikisika, na wenzake wakamzunguka. "Pole mama Modest," wakamwambia, "pole sana. Kusoma kote kule."

"Kusoma kote kule," akaitikia, na machozi yakazidi, na hakuna kati yao aliyejua kwamba alikuwa hajawahi kupata furaha kama ile tangu azaliwe.

Katapila halikuchukua muda. Nyumba iliyosimama zamani za wapagazi ilikwenda mara moja na udongo wake, jukwaa la kulia, jukwaa la kushoto, na fuvu likasukumwa mbele ya lile bamba la chuma mpaka likavunjika. Modest alikaa akaangalia mpaka mwisho. Hakuweza kuondoka. Vumbi lilipotua pakawa na barabara, nyekundu, imenyooka.

Watu wakatawanyika. Lukumani akakusanya sururu na ndoo bila kumsemesha, amekasirika kama aliyedhulumiwa yeye. Akabaki Silasi. Alikuja akasimama kando ya Modest, kaunda suti imejaa vumbi na hajali.

"Sasa tupo wawili," akasema. "Hakuna kamati. Kweli hujui?"

"Kweli."

Silasi akavua kofia yake, akaitazama kwa ndani. "Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa mmoja wao," akasema. "Ndiye aliyenilea. Alipokuwa anakufa aliniita, akanishika mkono, nikajua anataka kunipa kitu. Sikujua cha kuomba. Akafa amenitazama. Nilipoiona ile nyumba nilisema, sasa Mungu amenileta kwa mtu atakayeniambia. Barabara ningeipindisha hata kwa neno dogo, ndugu yangu. Nilitaka tu kulisikia." Akamsogelea. "Niambie mimi tu. Sitamwambia mtu."

Na Modest alikuwa nalo. Lilikuwa pale, nyuma ya meno, la siku moja, bado bichi. Mtu huyu alikuwa anaomba kitu kilekile alichokiomba yeye juzi uani, kwa njaa ileile, na alikuwa anaomba kuambiwa. Laiti angeomba kuingia. Lakini hata hilo Modest hakuruhusiwa kumdokeza, kwa sababu haitwi mtu. Alimtazama usoni, akaona macho ya mtoto aliyeshikwa mkono na bibi anayekufa, na ilimuuma mno, ilimuuma kuliko kicheko cha kijiji kizima.

"Sijui, Silasi," akasema. "Nisamehe."

Silasi akatikisa kichwa taratibu, akavaa kofia yake, akaenda kwenye Landrova. Iliondoka juu ya barabara mpya.

Apolinaria alikuwa amesikia yote, amekaa kwenye gogo hatua chache nyuma yao, anamsubiri mwanawe ampeleke nyumbani. Modest akaja akajitupa chini miguuni pake. Alikuwa analia bila kujificha, mwanamume mzima, kwa ajili ya nyumba, kwa ajili ya Silasi, na kwa ajili ya jambo lingine ambalo alikuwa ndiyo kwanza analiona. Miaka yote. Seminari, barua kutoka Roma, maswali yake ya kitoto na ya kiutu uzima, zile hasira za uani, na yeye mama anamtazama damu yake mwenyewe, anamjibu habari za matobolwa.

"Mama," akasema, "mimi uliniwezaje?"

Apolinaria akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Nilikuwa nalia jikoni, baba," akasema. "Wewe ulidhani ni moshi."